Kosa la Kompyuta Lisifunge Mlango wa Shule



Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, alifika parokiani akiwa na barua mkononi. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa amesimamishwa masomo kwa muda usiotajwa, na kosa lililoandikwa lilikuwa matumizi mabaya ya kompyuta. Nilimwita kijana, nikamwuliza ametenda nini. Hakuficha. Aliliona neno la siri la mwalimu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine, akafungua orodha ya alama, akajiongezea za hisabati. Kisha akasema jambo lililonisumbua kuliko kosa lenyewe: nilikuwa mtu wa kwanza kumwuliza.

Kosa lilikuwapo, nasi tusilipambe. Alama za kughushi ni uongo, tena zinawadhulumu waliokesha wakisoma. Lakini haki inadai mambo matatu ambayo barua ile haikuyajali: mkosaji asikilizwe, adhabu ilingane na kosa, na njia ya kurudi ibaki wazi.

Kuadhibu kabla ya kuuliza kumekwisha kutugharimu hapa kwetu kandokando ya Ziwa. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki dunia baada ya kuchapwa viboko kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Mkoba ule ulikuwa umesahauliwa kwenye bodaboda. Swali moja lililoulizwa kwa utulivu lingalitosha kuiokoa roho ya mtoto.

Hasira hiyo hiyo huwaka upesi zaidi pale kosa linapohusu vyombo vipya ambavyo sisi watu wazima hatuvielewi vema. Simu ya mkononi ya leo ni kompyuta ndogo, nayo imetutia hofu. Mwezi Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, Albert Chalamila, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14 waliotuhumiwa kumiliki simu shuleni na kuhusika na moto wa mabweni. Rais Magufuli alimpongeza hadharani, na wananchi wengi wakashangilia. Kuchoma bweni ni uhalifu mzito, na kukutwa na simu ni uvunjaji wa kanuni ya shule. Makosa mawili yasiyolingana yalikutana katika fimbo moja. Aidha, kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu kiboko shuleni ziliweka mipaka: kisizidi viboko vinne, kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Mkuu wa mkoa hatajwi humo.

Wapo wanaosema, basi tuwaachie polisi. Tupime uzito wa neno hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka kwa kosa la kuingia katika kompyuta bila idhini faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wake, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na inakataa adhabu isiyolingana na umri na hali yake. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto na sauti yake isikilizwe.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mtoto aitwe pamoja na mzazi wake, aeleze. Pili, tutenganishe udadisi, udanganyifu na ukatili. Anayefungua kisichomhusu kwa kutaka kujua hafanani na anayeghushi alama; na anayesambaza picha za kumwaibisha mwenzake ana kosa kubwa kuliko wote wawili, na hapo wa kulindwa kwanza ni aliyedhalilishwa. Tatu, mkosaji atengeneze alichoharibu: akiri mbele ya walimu, alama zirudishwe, mtihani urudiwe, naye afanye kazi ya kuwahudumia wenzake. Nne, shule nayo ijihoji. Je, kanuni za chumba cha kompyuta ziliandikwa na kufundishwa? Nani alibandika neno la siri ukutani?

Maandiko yanatuonyesha njia. Adamu alipokosa, Mungu alianza kwa kumwuliza. Na hata alipomtoa bustanini, alimvika nguo kwanza. Wahenga nao walinena kwamba mtoto akinyea kiganja hakikatwi, bali huoshwa.

Tarehe 7 Septemba 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye kompyuta ilikuwa chombo chake cha kueneza habari za Ekaristi. Mikono ya vijana wetu wa Mwanza, Sengerema na Ukerewe inaweza kutenda mema kama hayo, ikiwa tutawafundisha kabla ya kuwafukuza. Wengi wao huigusa kompyuta kwa mara ya kwanza shuleni. Wakifukuzwa hapo, hawana pengine pa kujifunzia.

Kwa walimu, ambao najua mzigo wao, naomba subira. Kwa wazazi, msiishie kulia. Nendeni shuleni mkaulize kwa heshima, mkiwa na mtoto. Kwa kijana wa Kirumba: utarudisha alama zile mbele ya wenzako, nawe utaona haya. Kisha kaa kwenye dawati lako, usome.

Amani ya Kristo iwe nanyi.