Punguzo Lisilo na Asili

Punguzo ni neno lililozaliwa na kitenzi, na kitenzi hicho hakina kazi mpaka kipate kitu cha kutendea. Kilichopunguzwa hakina budi kuwa kilikuwapo, tena kilikuwa kikubwa, kabla ya mkono wa mpunguzaji kukifikia. Maji ya mtungi hupungua kwa sababu yalikuwamo mtungini. Mtungi mkavu haupungui. Jambo hili ni dhahiri hata kwa mtoto wa chuoni, na ingekuwa aibu kulisema mbele ya wasomi lau isingekuwapo biashara moja kubwa duniani inayoneemeka kwa kuwasahaulisha watu. Biashara hiyo ni ya meli za utalii. Katika matangazo yake punguzo hutembea peke yake kama yatima asiyejulikana ukoo: thuluthi moja, nusu, asilimia 60. Lakini ni thuluthi ya nini, ni nusu ya bei iliyolipwa na nani, mwezi gani, kwa chumba gani, hapana asemaye.

Dai linalotetewa hapa ni jepesi kutamka. Bei ni nambari moja ambayo mtu akiitoa hupewa kitu alichoahidiwa, wala hadaiwi tena. Nambari nyingine yoyote, hata ikiandikwa kwa wino mwekundu, si bei. Na punguzo ambalo bei yake ya kwanza haikupata kutozwa kwa mtu yeyote, si punguzo dogo wala kubwa. Ni uongo uliovaa nguo za hesabu.

Aghalabu abiria hukutana kwanza na tangazo la namna hii: safari ya siku saba katika bahari ya Karibi, kuanzia dola kadha wa kadha kwa kila mtu. Maneno mawili ya tangazo hili, kuanzia na kila mtu, yastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha kabla hayajatazamwa na mwanasheria. Kuanzia huonyesha mwanzo wa njia bila ya kuonyesha mwisho wake. Mwanzo huo ni chumba cha ndani kisicho na dirisha, katika wiki ambayo watu wachache husafiri, na yamkini vyumba vilivyobaki vya namna hiyo vyahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kila mtu ni neno lenye hila zaidi. Katika Kiswahili neno kila hukusanya wote bila ya kubagua. Katika tangazo la meli halina maana hiyo: kila mtu ni nusu ya watu wawili wanaolala chumba kimoja. Mjane anayetaka kusafiri peke yake akifika na fedha ya mtu mmoja ataambiwa aongeze, na mara nyingi nyongeza hiyo hufika sawasawa na nauli ya mtu wa pili ambaye hayupo. Basi bei ya kila mtu ni bei ambayo mtu mmoja hawezi kuinunua. Washairi wamelaumiwa kwa mafumbo mepesi kuliko hili.

Baada ya nauli huja kodi na ada za bandari, na hizi zina historia isiyopasa kusahauliwa. Katika miaka ya 1990 kampuni zilizokuwa zikiuza safari kutoka Florida zilizoea kutenga katika hati ya malipo fungu lililoitwa gharama za bandari. Abiria alidhani, kama jina lilivyomwambia, kwamba fedha hiyo huenda bandarini. Sehemu ilikwenda bandarini. Sehemu nyingine ilibaki mikononi mwa kampuni. Kwa njia hiyo nauli iliyotangazwa ilionekana ndogo, na kilichoondolewa katika nauli kilirudi kwa mlango wa nyuma kikiwa na jina la serikali. Mwaka 1997 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alifikia mapatano na kampuni kadhaa ili kuikomesha desturi hiyo. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Florida, katika shauri la Latman dhidi ya Costa Cruise Lines, iliamua kwamba kumtoza abiria gharama za bandari, kisha kujiwekea sehemu yake, ni udanganyifu wa kibiashara. Majaji hawakumtaka kila abiria athibitishe kwamba asingalisafiri lau angaliujua ukweli. Walitosheka kwamba jina la malipo lilisema jambo lisilokuwa kweli. Wale wasemao kwamba maana ya maneno ni mchezo wa walimu wa lugha, na wausome uamuzi huo.

Neno jingine lililopotoshwa ni bakshishi. Ni neno la zamani katika pwani, wala halijapata kuhitaji mfasiri: ni tunu itokayo katika mkono wa mtu aliyeridhika, kwa kiasi apendacho, baada ya kuhudumiwa. Katika meli nyingi zinazouzwa Marekani bakshishi imewekewa kiwango, aghalabu kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na vyumba vya fahari hutozwa zaidi. Huandikwa katika hesabu ya abiria hata kabla hajajua jina la mtu anayemtandikia kitanda. Abiria wa kampuni nyingi aweza kwenda dawatini kuomba iondolewe. Kwa sababu ya kichochoro hicho chembamba kampuni husema kwamba malipo haya si ya lazima, na kwa kuwa si ya lazima, hayana haja ya kuwamo katika bei.

Hoja hii yaumiza pande mbili. Abiria huonyeshwa bei ndogo kuliko ile atakayoilipa; hilo ni wazi. Lakini jeraha kubwa zaidi ni la mtumishi. Mtu aliyetoka Ufilipino, Indonesia, India ama Kenya kwenda kufanya kazi ya miezi mingi bila ya siku kamili ya mapumziko, amewekewa sehemu ya ujira wake katika fungu ambalo mgeni ana ruhusa ya kulizuia. Mgeni akilizuia, hapunguzi faida ya mwenye meli. Apunguza chakula cha watoto walio mbali. Nauli iliyotangazwa ikawa ndogo imelipiwa na mtu, na mtu huyo hakuulizwa. Wala haiwezi kusemwa kwamba bahari haina njia nyingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba ada ya huduma inayotozwa kwa kila usiku melini haina budi kuwamo katika jumla ya bei inayotangazwa. Mwaka 2019 kampuni ya P&O Cruises ya Uingereza iliacha kuiandika ada hiyo katika hesabu za abiria wake. Meli zake zaelea hata leo.

Na tuseme kuna matangazo mawili ya safari ya siku saba, kwa watu wawili, katika chumba cha namna moja. Tangazo la kwanza lasema nauli ni dola 1,400, na mtu wa pili hulipa nusu. Tena watapewa dola 200 za kutumia melini. Tangazo la pili lasema dola 1,150 kwa mtu, kila kitu cha lazima kimo, wala halitaji punguzo lolote. Macho hukimbilia la kwanza. Lakini nusu kwa mtu wa pili ni robo tu kwa wawili, yaani dola 2,100. Ongeza kodi na ada za bandari dola 140 kwa kila mmoja, zikawa 2,380. Ongeza bakshishi ya dola 18 kwa siku saba kwa watu wawili, ambayo ni 252, zikawa 2,632. La pili ni dola 2,300, basi. Hata dola 200 za melini zikihesabiwa kuwa fedha kamili, la kwanza lingali ghali kwa dola 132. Nazo si fedha kamili, kwa maana haziwezi kutumiwa ila katika duka la aliyezitoa, kwa bei aliyoipanga yeye. Mtu aliyelinganisha mapunguzo amechagua vibaya. Aliyelinganisha jumla amechagua vema, lakini ilimpasa kwanza kufanya kazi ya ukarani ambayo muuzaji angeweza kuimaliza kwa mstari mmoja.

Watetezi wa biashara hii si wajinga. Husema kwanza kwamba chumba kisichouzwa mpaka meli kung'oa nanga kimepotea milele, kwa hiyo bei haina budi kupanda na kushuka kila siku. Ni kweli. Mchuuzi wa samaki naye hushusha bei jua linapokuchwa, wala hapana amwitaye mwongo. Tofauti ni kwamba bei yake ya asubuhi ilikuwa bei: watu waliilipa, nao wapo mtaani waulizwe. Yeye hasemi jioni kwamba changu huyu alikuwa na thamani mara tatu, naye hakuwahi kumwuza kwa kiasi hicho. Bei itembeayo ni halali. Historia ya kubuniwa si halali, na ya kwanza haihitaji ya pili. Husema tena kwamba si haki asiyekunywa mvinyo amlipie anywaye, kwa hiyo vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu viuzwe mbali. Nalo ni kweli, lakini si jibu la shtaka hili, kwa sababu hapana aliyelalamikia vitu vya hiari. Kinacholalamikiwa ni kile ambacho mtu hawezi kupanda meli bila ya kukilipa, ama hawezi kukikwepa ila kwa kumdhulumu mtumishi.

Hoja yao ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo hupendwa zaidi: kwamba mnunuzi ana akili, na alinganishe mwenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya StubHub, iuzayo tiketi za michezo na tamasha, iliwagawa wateja wake mafungu mawili. Fungu moja lilionyeshwa ada tangu mwanzo, na jingine lilionyeshwa mwishoni. Walioonyeshwa mwishoni walitumia takriban asilimia 20 zaidi. Hawakuwa wapumbavu kuliko wenzao. Walikuwa wamechoka, wamekwisha kuchagua, na moyo uliokwisha kusafiri ni mgumu kuurudisha nyumbani. Muuzaji alijuaye hilo, kisha akasema mnunuzi ana akili, ampa sifa ili amwibie.

Tena kulinganisha kwenyewe kumezibwa. Tangu miaka ya 2000 kampuni kubwa za Marekani zimewakataza mawakala kutangaza nauli iliyo chini ya ile ya kampuni kwa kumrudishia abiria sehemu ya udalali wao. Kwa hiyo mtu aweza kuzunguka kwa mawakala kumi akakuta nauli ile ile, na ushindani wote umehamishiwa katika zawadi: chakula cha jioni kimoja, chupa ya mvinyo, fedha ya kutumia melini. Zawadi hazina kipimo kimoja, na kisicho na kipimo kimoja hakilinganishiki. Yambakia abiria kudai jumla ya kila cha lazima kwa maandishi, kwa tarehe moja na aina moja ya chumba. Na katika soko la Marekani kuendelea kutazama bei hata baada ya kutoa arabuni, maana kampuni nyingi hukubali kuishusha nauli iliyoshuka kabla ya siku ya malipo ya mwisho, wala hazikubali baada yake.

Sheria zimeanza kuamka, lakini kwa jicho moja. Tarehe 1 Julai 2024 sheria ya California iliyokataza bei zisizojumlisha ada za lazima ilianza kutumika, na kampuni ya Carnival pamoja na nyingine kadhaa zikaanza kuwaonyesha wanunuzi wa Marekani nzima bei yenye kodi na ada za bandari ndani yake. Bakshishi ilibaki nje. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani iliyoanza Mei 2025 ilikusudiwa hapo kwanza kugusa biashara zote. Ilipotoka ikagusa tiketi za maonyesho na malazi ya muda mfupi tu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022 muuzaji atangazaye punguzo hana budi kutaja bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwa maana humpa yatima ukoo wake. Lakini imeandikwa kwa bidhaa, si kwa huduma: anayeuza viatu ataulizwa bei ya jana, na anayeuza safari ya baharini ataulizwa tu kwa kanuni ya jumla dhidi ya udanganyifu.

Meli hizi hutia nanga Mombasa na Unguja, ingawa tiketi zake huuzwa mbali. Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 huhesabu miongoni mwa maneno ya uongo dai la kwamba ipo nafuu ya bei ilhali haipo, nayo hutaja bidhaa na huduma kwa pamoja.