Makombe ya Shule Yanatudanganya

Ingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya sekondari yenye jina hapa Machakos, iwe Kangundo, Mwala au mjini kwenyewe, na kitu cha kwanza kukulaki ni kabati la vioo. Ndani yake makombe yamepangwa safu kwa safu, mengine yamekwisha kufifia rangi, kila moja na utepe wake na mwaka wake. Mzazi aliyekuja kumtafutia mwanawe nafasi huyatazama, akaridhika, akajiambia: hapa watoto wanacheza.

Imani hiyo tumeikubali sote, wazazi, walimu, bodi za usimamizi na wanasiasa wanaokuja kupigwa picha na washindi: kwamba shule yenye makombe ndiyo shule ya michezo, na kocha anayeyaleta ndiye kocha bora. Ni imani potofu. Inawanyima wengi haki yao ya kucheza, na inawaumiza hata wale wachache wanaocheza.

Tuanze na hesabu. Chukua shule ya wanafunzi 800. Kikosi cha soka kina wachezaji 18 au 20, voliboli 12, mpira wa pete 12, mpira wa vikapu 12, na wanariadha pengine 30. Ongeza raga, magongo na mpira wa mikono, na bado ni vigumu kuvuka 150. Waliobaki ni 650. Kazi yao ni kushangilia timu inapoondoka na kushangilia tena inaporudi. Kombe likiletwa mstarini Jumatatu asubuhi, linatangazwa kwa jina la shule nzima, ilhali wanafunzi wanne kati ya watano hawakugusa hata mpira muhula mzima.

Na fedha je? Serikali ilipopanga mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari mwaka 2018, shilingi 1,500 kati ya hizo zilitengewa shughuli za nje ya darasa, michezo ikiwemo. Zilihesabiwa kwa kila mwanafunzi, awe mchezaji au asiwe. Kwa shule yetu ya wanafunzi 800, hizo ni shilingi milioni 1.2 kwa mwaka. Zikiishia kukodi basi, kulisha kikosi na kununua jezi za timu, basi yule asiyecheza amemlipia anayecheza. Mzazi wa mtoto huyo ana haki ya kuuliza mwanawe alipata nini.

Alichopaswa kupata kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi ya kumtoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Pendekezo hilo ni la kila mtoto, mwenye kipaji na asiye nacho. Mahali pa kulitimiza shuleni ni kipindi cha mazoezi ya viungo, PE kama watoto wanavyokiita. Kipindi hicho kimeandikwa kwenye ratiba, lakini mtihani ukikaribia mwalimu wa somo jingine huingia na karatasi za marudio, na hakuna anayelalamika.

Hata pale kinapoheshimiwa, mara nyingi mambo huwa hivi. Mwalimu anarusha mpira mmoja kwa darasa la watoto 50, kisha anakwenda kivulini kusahihisha madaftari. Ishirini na wawili wenye nguvu wanaukimbilia. Ishirini na wanane wanakaa chini ya mti: wasichana wengi, watoto wanene, wenye pumu, na wale walioambiwa tangu darasa la tatu kwamba mpira si wao. Dakika 40 zinakwisha, kengele inalia, na shajara ya mwalimu inaonyesha kwamba kipindi kimefundishwa.

Darasa hilohilo lingeweza kugawanywa makundi matano, watoto watano wakicheza na watano, kila kundi na kipande chake cha uwanja. Mipira ingetosha ile ya makaratasi na kamba, ambayo watoto wetu wanajua kuifunga wenyewe. Kila mtoto angekimbia, angepiga pasi, angeanguka na kuinuka. Jambo hili halihitaji ufadhili wa mtu. Linahitaji mwalimu anayejua kwamba kazi yake itapimwa kwa hao watoto 50.

Sasa mtazame kocha. Mashindano ya shule hupanda ngazi kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa. Katika mtoano wa timu 16, timu nane zimefunga virago baada ya mechi moja tu. Kocha aliyeletwa na bodi kwa mkataba anafahamu kwamba mechi hiyo moja ndiyo itakayoamua kama atarudi muhula ujao. Katika hali hiyo hana muda wa kumfundisha anayeanza. Anatafuta aliyeiva. Ndiyo maana kila mwaka tunasikia malalamiko ya wachezaji waliovuka umri, na ya vijana waliohamishwa shule kwa ahadi ya karo ili wacheze msimu mmoja. Tunawalaumu makocha hao kwa udanganyifu, lakini sisi ndio tuliowawekea mizani inayowasukuma huko.

Hata kocha mwaminifu hupotoshwa na mizani hiyo. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake waligundua kwamba katika magongo ya barafuni nchini Kanada, wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi. Hawakuwa na kipaji zaidi. Walikuwa tu wakubwa kwa miezi kadhaa kuliko wenzao wa kundi moja la umri, makocha wakaudhania ukubwa huo kuwa uwezo. Katika shule zetu, ambako darasa moja lina mvulana aliyekwisha kuota ndevu na mwingine ambaye sauti yake haijavunjika, kosa hilo ni rahisi zaidi kulifanya. Anachukuliwa aliyebaleghe mapema. Mwenzake anaambiwa ashike chupa za maji, na huenda asirudi uwanjani tena.

Hapo ndipo watetezi wa makombe husema: bila ushindani wa mapema, mabingwa watatoka wapi? Jibu liko hapa nyumbani. Cosmas Ndeti, mwana wa Machakos, alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, naye mzaliwa wa Machakos, aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2011 kwa muda wa saa 2:03:38. Alikuwa na umri wa miaka 26. Shule zetu hazishindani katika marathoni, kwa hiyo hakuna kabati ambalo lingeweza kukitabiri kipaji hicho. Mbio hizo huwapa tuzo waliokomaa polepole, na wanaokomaa polepole ndio tunaowaacha chini ya mti.

Tazama pia Karsten Warholm wa Norway, mwenye rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi, sekunde 45.94, aliyoiweka kwenye Olimpiki za Tokyo mwaka 2021. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mashindano ya michezo minane: kukimbia, kuruka na kurusha. Hakubanwa katika mchezo mmoja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo, katika msimamo wake wa mwaka 2015 kuhusu wanamichezo vijana, ilihimiza watoto wajaribu michezo mingi kabla ya kuchagua mmoja.

Na Iten, mfano ambao watetezi hao hupenda kuutaja? Ndugu Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo ya ukocha wa riadha. Kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha. Lakini O'Connell alijulikana kwa kuwafundisha vijana namna ya kukanyaga, kurusha mikono na kupumua, na kwa kukaa na mwanariadha mmoja miaka mingi. Alikuwa mwalimu kwanza. Wanaomtaja ili kutetea kocha wa kombe la muhula wanamtaja kinyume.

Wengine husema ushindi wa wachache huwahamasisha wengi. Desemba 2017 Harambee Stars waliwalaza Zanzibar kwa penalti katika fainali ya CECAFA, hapahapa Uwanja wa Kenyatta, Machakos. Mji ulifurahi, na ulikuwa na kila sababu. Lakini hamasa hiyo inahitaji mahali pa kuingilia. Mtoto aliyeshangilia jana akifika shuleni leo akakuta mpira mmoja, watoto 50 na mwalimu kivulini, ataendelea kuwa mshangiliaji.

Kuna jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni miili ya watoto. Kocha anayeogopa kupoteza mechi humrudisha uwanjani mchezaji aliyeteguka goti jana. Wengine huchapa na kutukana baada ya kushindwa, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na uwanja wa michezo hauko nje ya sheria hiyo. Wakati huohuo tunapuuza yaliyo rahisi. Mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa FIFA 11+ huchukua kama dakika 20: kukimbia taratibu, kujikaza kwa viwiko na vidole vya miguu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa vizuri. Utafiti uliofanywa katika ligi ya vijana jijini Lagos na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba timu zilizoyafuata zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Lagos, kwenye viwanja visivyo bora kuliko vyetu. Mwalimu yeyote aliyefunzwa kwa siku chache anaweza kuyaongoza. Lakini nani hutoa kombe kwa magoti mazima?

Sina ugomvi na ushindi. Wasichana wa shule ya Kwanthanze wameifanya Machakos iheshimiwe katika voliboli nchini kote, na jasho lao ni halali. Ninachopinga ni kuwatumia wasichana kama hao kuficha uvivu wetu kwa watoto wengine wote. Na sasa hatari imeongezeka. Mtaala wa umilisi umeweka Sanaa na Michezo kuwa mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari pevu. Mtoto atauchaguaje mkondo huo ikiwa tangu Gredi ya Kwanza mazoezi ya viungo yalikuwa ni kukaa kivulini? Tusipobadilika, mkondo huo utakuwa kiwanda kingine cha makombe, na atakayeingia ni yule ambaye tayari anashindia shule.

Yanayotakiwa yako ndani ya uwezo wetu. Kila shule ianzishe ligi ya madarasa au mabweni inayochezwa muhula mzima, si mtoano wa siku mbili. Kipindi cha mazoezi ya viungo kilindwe kama kile cha Kiingereza, na mwalimu mkuu anayekiruhusu kuporwa aulizwe. Kocha apimwe kwa idadi ya watoto aliowafundisha, waliobaki mchezoni na waliomaliza msimu bila jeraha, kabla ya kuulizwa habari za fainali. Na matumizi ya fedha za michezo yasomwe mbele ya wazazi, shilingi kwa shilingi.

Mzazi mwenzangu, mkutano wa wazazi ukifika, usiulize shule imeleta makombe mangapi. Uliza ni watoto wangapi walicheza wiki iliyopita, na kama mwanao alikuwa mmoja wao. Mwalimu mkuu akishindwa kukujibu, shule hiyo haina michezo. Ina timu tu.