Mafuriko hayaulizi ofisi ipi inahusika

Vijana wenzangu wa Kilosa na Mikumi, leo tutazame Zanzibar kidogo. Kule maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga. Je, hilo ni la kilimo, la ardhi, la maji au la mazingira? Ni la wote. Ndiyo maana uratibu wa mambo ya tabianchi uko Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na mkakati wao upo tangu 2014. Sisemi kila kitu kimenyooka, ila mlango wa kubisha hodi unajulikana.

Kwetu je? Mwisho wa 2009 kuingia 2010, Mkondoa ulipasua tuta ukazoa nyumba, mashamba na reli. Tuta lina mwenyewe, mto una mwenyewe, barabara ina mwenyewe. Hasara ni ya kwako wewe mwenye mkopo.

Maoni yangu: kabla ya kila msimu, wilaya ikae meza moja. Utabiri wa TMA, watu wa bonde la maji, maafisa ugani na nyie wakulima. Na sisi maafisa tuache ile "hilo si letu." Hata mimi nimewahi kuisema, na sijivunii.

Wewe usisubiri meza hiyo. Kaa mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 ndiyo iliyoweka mpaka huo. Na utabiri wa msimu usome kabla ya kuchukua mkopo, siyo baada ya shamba kuondoka.

Tukutane shambani.