Wakala wa forodha naye ajibu kwa ajali za Mikumi

Alfajiri, ukipita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, si ajabu kumkuta swala pala amelala ukingoni mwa lami, shingo imegeukia nyuma, na barabarani hakuna hata alama ya breki. Barabara ya TANZAM inaikatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 50. Usiku na mchana yanapita malori ya Zambia na Kongo, na katikati yake magari ya IT, yaani ya transit: yameshushwa melini Dar es Salaam, kila moja na dereva aliyekodiwa kulifikisha Tunduma. Bango la faini limesimama barabarani, kila mnyama na bei yake, na faini hiyo humwangukia dereva. Haitoshi. Mwendo wa gari lililomgonga swala ulipangwa kabla dereva hajashika usukani.

Ulipangwa ofisini kwa wakala. Mwagizaji aliyeko Lusaka au Lubumbashi haijui bandari yetu. Anamjua wakala wake. Wakala ndiye anayepokea bili ya ledingi, anayejaza fomu ya forodha ya TANSAD, anayeweka bondi, anayelipa bandari na kampuni ya meli, kisha anatafuta gari na dereva. Siku za bure bandarini zinahesabika. Zikiisha, storeji inaanza, na kontena lisiporudishwa kwa wakati lina deni lake. Kila siku iliyopotea kwenye makaratasi hudaiwa barabarani. Dereva wa IT hulipwa kwa safari, kwa hiyo anayewahi kufika ndiye anayewahi kurudi kuchukua gari jingine. Malipo ya namna hiyo ni amri ya kukimbia, hata kama hakuna aliyeitamka.

Sheria inamjua vizuri wakala pale kodi inapoguswa. Mzigo wa transit ukiuzwa humu nchini bila kuvuka mpaka, mamlaka ya mapato, TRA, inashika bondi, na leseni yake iko hatarini. Serikali ilitambua kwamba aliyepanga safari ndiye mwenye uwezo wa kuinyoosha. Lakini mwanamke wa Mikumi anayevuka lami na ndoo kichwani hana bondi iliyowekwa kwa ajili yake. Tunauliza kwa nini.

Wapo watakaosema barabara ndiyo njia pekee. Wilaya ya Kilosa, ambayo mji wa Mikumi umo ndani yake, inawakanusha. Reli ya Kati inapita Kilosa tangu enzi za Wajerumani, na reli ya kisasa, SGR, imetobolewa mahandaki katika milima yake. Tawi la reli kutoka Kilosa linapita Mikumi hadi Kidatu, ambako tangu 1998 kuna kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hiyo, yenye upana wa milimita 1,000, na TAZARA yenye milimita 1,067. TAZARA yenyewe inaondokea Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ni kweli reli imewaangusha wateja wake: mafuriko ya mto Mkondoa, Desemba 2009 na Januari 2010, yaliikata Reli ya Kati pale Kilosa na mizigo ikahamia barabarani. Mashirika ya reli, TRC na TAZARA, yana deni la uaminifu, yalilipe. Hata hivyo wakala anayempa mteja bei ya lori tu, bila kumwekea ya reli kando yake, amemnyima mteja haki ya kuchagua.

Tunataka magari ya IT yapakiwe kwenye malori ya kubebea magari au mabehewa, yasiendeshwe moja moja kupita hifadhini. Malipo ya kuwahisha gari yapigwe marufuku. Na polisi wanapoandika ajali ya gari la transit, jina la wakala liandikwe chini ya jina la dereva, na nakala ifike TRA.

Leseni za mawakala wa forodha hukoma Desemba 31 kila mwaka. Ombi la kuhuisha likiwekwa mezani, ofisa afungue kwanza jalada la ajali za Mikumi, ndipo ashike kalamu.