TAIRI LA AKIBA NALO HUZEEKA

Ndugu mfanyakazi, nawe mama msomaji, tunawauliza: tairi la akiba la gari mnalosafiria lina miaka mingapi? Wengi hujibu, "Halijaguswa, ni jipya." Sisi tunasema jawabu hilo ni la hatari.

Mpira huzeeka hata usipogusa barabara. Joto, jua na hewa huukausha. Kwanza huwa mgumu, halafu hutoa nyufa ndogo, na matabaka ya ndani huanza kuachana. Meno yanaweza kuwa marefu kama siku lilipotoka kiwandani, na bado tairi likapasuka gari likiwa na mzigo na mwendo wa kasi. Hapa Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi, joto ni kali, na tairi lililofungwa nje nyuma ya gari huchomwa na jua mwaka mzima.

Wako wanaosema, "Lakini hili lilikuja na gari, ni la asili." Haya, tuwatazame watu wanaopenda vya asili kuliko wote: wenye magari ya zamani ya kasi ya Italia. Ferrari 308, iliyotolewa mwaka 1975, ilikuwa na gurudumu la akiba jembamba, la kufikisha gari gereji tu. Leo gurudumu hilo likiwapo pamoja na jeki na spana zake, gari hupata bei nzuri zaidi. Lakini mwenye busara hasafiri nalo. Hulitunza kama kumbukumbu, na gari hulivika matairi mapya. Ndiyo maana hata leo Pirelli na Michelin hutengeneza kwa mpira mpya matairi ya sura ya zamani, kama Cinturato na XWX.

Ikiwa mwenye gari la thamani ya nyumba nyingi hauamini mpira wa miaka 40, kwa nini dereva anayepandisha Ngomo na abiria kumi auamini?

Tunajua tairi jipya ni ghali. Lakini kusoma tarehe hakuna malipo. Fanyeni hivi:

1. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, kisha tarakimu 4 za mwisho. 2419 maana yake ni juma la 24 la mwaka 2019. Usipoziona, tazama ubavu wa pili. Zikiwa 3 tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000: usilifunge.

2. Likipita miaka 5 katika matumizi, fundi alikague kila mwaka. Likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, litolewe, hata kama ni la akiba. Ndivyo Michelin inavyoshauri.

3. Pima upepo wa tairi la akiba kila mwezi pamoja na mengine. Lisilo na upepo halimsaidii mtu porini.

4. Ukinunua tairi lililokwisha kutumika, soma tarehe kabla ya kutoa fedha.

Nanyi mnaopanda gari la kukodi, msione haya kumwuliza dereva. Aliye makini hatakasirika.

Tairi lililozeeka halikosi kazi: litatoa ndala, au bembea ya watoto. Barabarani lisirudi.

Kabla ya safari, soma tarehe. Usalama kwanza!