Kabla hatujanunua kinanda kingine

Kokkola, Finland

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana wa Sange,

  Habari za vita katika bonde letu huko Kongo tunazifuatilia usiku na mchana, na simu ikilia usiku wa manane tunashtuka kabla hatujaona nani anapiga.

Ujumbe wenu wa mchango umetufikia: kinanda kipya na baffle mbili za kutolea sauti kwa ajili ya kwaya. Nakumbuka mwaka uliopita kwaya ya ng'ambo ya barabara nayo iliomba hivyo hivyo, na kabla yao wengine. Huku tunachanga, kila mtu kwa kanisa lake. Sikatai kutoa. Ila safari hii nina neno, na naomba mlisome hadi mwisho kabla hamjasema Ulaya imeniharibu.

Mji ninaokaa ni mdogo. Kokkola ina watu wapatao 48,000, haifikii mji wa Uvira hata robo. Lakini ina okestra yake yenyewe. Nikisema okestra msimfikirie Franco na OK Jazz. Hapa hakuna gitaa wala mwimbaji. Ni fidla, viola, chelo na besi, watu wasiofika thelathini, wanapiga bila kipaza sauti na ukumbi wote unasikia. Wasikilizaji wamekaa kimya kama wako kwenye mtihani, na ukipiga makofi kabla ya wakati unatazamwa. Hilo kwetu lisingewezekana, na sioni kwa nini tujifunze.

Ninachotaka mjue ni okestra hiyo ilikotoka. Mwaka 1972 Juha Kangas, mzaliwa wa kijiji cha Kaustinen, kilomita kama 50 kutoka hapa, aliwakusanya wanafunzi wa muziki wakaanza kupiga pamoja. Walikaa miaka mingi hivyo; ilipofika 1989 ndipo ikawa okestra ya watu wa mshahara. Mwaka 1993 wakapewa, yeye na wao, tuzo ya muziki ya nchi za Nordiki. Kaustinen yenyewe ni mashamba na ng'ombe, watu kama 4,000 tu. Sange inaimeza mara kadhaa.

Kijiji hicho kina sifa moja: fidla. Tangu zamani wakulima wake walipiga harusini, baba akimfundisha mtoto na jirani akimfundisha jirani, kwa sikio tu, kama vijana wetu wanavyojifunza gitaa. Okestra haikuwadharau. Mtunzi Pehr Henrik Nordgren alihamia Kaustinen akakaa huko hadi alipofariki mwaka 2008, na nyimbo za wale wakulima akazitungia muziki wa okestra ya nyuzi. Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiweka fidla ya Kaustinen kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na katika kikao kile kile ikaiweka rumba ya Kongo. Jirani yangu hapa hakuamini nilipomwambia kwamba sisi na wao tuliingia pamoja.

Sasa ufundishaji wao. Mpiga fidla mmoja wa huko, Mauno Järvelä, alianzisha utaratibu unaoitwa Näppärit. Nimewahi kukaa pembeni nikitazama. Mtoto wa miaka kama mitano anavuta upinde kwenye waya mmoja tu, sauti ile ile, akifuata mapigo. Bega kwa bega naye, binti mkubwa anapiga wimbo wenyewe mbio mbio. Nyuma yao kuna wazazi, na bibi mmoja mwenye miwani ambaye anakosea na kucheka. Wote wako kwenye wimbo mmoja, wala hakuna anayeambiwa angoje nje hadi ajue. Kutoka kwenye makundi ya namna hiyo ndiko wanakopatikana wale wachache watakaokalia viti vya okestra. Wengine wanabaki wakulima, walimu, madereva wanaojua muziki.

Mtasema Finland ni tajiri. Kweli, hapa manispaa na serikali ndizo zinazolipa, na kwetu mwalimu wa shule mwenyewe mnajua anavyohangaikia mshahara. Basi tazameni Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani aliyekosa kazi, alianzisha okestra kanisani. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana, huyu akimaliza anampa mwenzake. Waya ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Miaka ishirini baadaye okestra hiyo ilikuwa Uingereza, inapiga London. Wale ni Wakongo, na hawakungoja serikali iwaletee upinde.

Mtasema tena: watu wanakimbia risasi, wewe unatuandikia habari za fidla. Hilo ndilo limenifanya niandike. Vita vikija, kinanda na baffle hubaki na kuporwa, na hata siku za amani vinangoja jenereta na petroli. Mtoto anayejua kusoma solfa anaondoka nayo ukimbizini, hadi Gatumba, hadi Nyarugusu, hadi Nakivale, na akifika anaweza kufundisha wengine siku hiyo hiyo.

Kuimba hatuhitaji kufundishwa na Finland. Kwaya zetu zina sauti nne ambazo watu wa huku wangelipa kiingilio kuzisikia. Tunachokosa ni mtu wa kuwafundisha watoto kwa pamoja. Kila mwalimu wa kwaya anaficha ujuzi wake ili kanisa la jirani lisimchukulie waimbaji. Semeni kama nadanganya. Lakini kwenye matanga hatuulizani mtu anasali wapi. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipolipuka katikati yetu na kuua watu zaidi ya 200, msiba ule haukuwa wa kanisa moja wala wa kabila moja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Makanisa matatu au manne yakae, yachague mwalimu mmoja mwenye solfa safi. Tupate darasa moja la shule Jumamosi mchana, na mlango uwe wazi kwa kila mtoto, Mfuliiru, Mvira, Mrundi, Mnyamulenge. Aanze na sauti, ngoma, likembe na gitaa zilizopo. Fidla zitakuja baadaye, nasi huku tutazitafuta zilizotumika. Posho ya mwalimu kila mwezi tutaichanga sisi, na fedha ziandikwe kwenye daftari ambalo makanisa yote yataliona.

Nimezungumza na wenzangu wachache hapa, wamekubali. Tunangoja jina la mwalimu na jina la shule. Habari ya kinanda tutaizungumza baada ya hapo.

Ndugu yenu wa Sange, aliye Kokkola