Hojaji Zipo, Zitafutwe

Yamezuka mazoea yasiyofaa miongoni mwa watafiti wa afya: kila mmoja hutunga hojaji yake mpya, kana kwamba hapana aliyepata kupima jambo hilo kabla yake. Matokeo hayalinganishiki, na muda wa wananchi waliohojiwa hupotea bure.

Hojaji zilizokwisha kujaribiwa zipo. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Uliijaribu orodha ya maswali 25 ya dalili za sonona na wasiwasi, iliyotoka Marekani, na ikaonekana kuwa maswali manane tu yangetosha kuwatambua wenye sonona.

Kuipata taarifa kama hiyo ndiko kwenye kazi. PubMed hutafutwa bure, lakini muhtasari mara nyingi hautaji hojaji iliyotumika (uvivu wa waandishi huo!), hivyo hapana budi kufungua makala yenyewe na kusoma sehemu ya mbinu. CINAHL ina sehemu maalumu ya majina ya vipimo, ila hulipiwa. Vyuo vinavyoilipia viwafungulie mlango wauguzi na walimu wa wilayani, ambao ndio wanaokwenda kuwahoji wananchi.